Mwezi Usingeanguka

Wonosobo, 20 Julai 1995

Mwanangu Ratmi,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila goti langu linagoma kurukuu likiona baridi. Wewe je, huko Bandung unakula?

Siku ya elfu tangu baba yako afariki inakaribia. Tutasoma tahlili na kumwekea jiwe kaburini. Tangu mazishi hujakanyaga nyumba hii. Jirani yetu Bu Darsini kaniuliza sokoni, "Mwanao anahesabu nyota zote hizo, siku za babake zimemshinda?" Nikamwambia, "Hesabu kuku wako." Lakini iliniuma.

Mimi bado kila alfajiri natengeneza glasi mbili za kahawa. Ya pili naimwagia yasmini pale mlangoni. Usimwambie mtu.

Utakuja?

Mamako

Bandung, 5 Agosti

Mama mpenzi,

Waalaikumu salamu. Mimi mzima, na nakula. Pole na goti. Sali umeketi, dini imeruhusu.

Nikueleze ninachosoma, labda utanielewa. Chukulia dunia yote, milima na bahari, imeminywa ikawa ndogo kama gololi. Ingekuwa shimo jeusi, hata mwanga usitoke. Watu hudhani lingemeza kila kitu. Hapana. Uzito ni ule ule, basi mvutano kule juu ni ule ule. Mwezi usingeanguka, ungezunguka njia yake ya siku zote. Hatari ni kusogea karibu mno. Pale hakuna tena njia ya kuzunguka, ni kutumbukia tu.

Nyumba hiyo bila Baba naiona hivyo. Huku mbali nazunguka vizuri. Nikikikaribia kiti chake, sijui.

Nitajaribu. Nimehesabu: siku ya elfu ni Jumapili tarehe 20. Nitafika saa sita mchana, niondoke na basi la saa kumi. Jumatatu nina zamu ya darubini.

Mwanao

Wonosobo, 14 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti halijambo, nasali nimesimama.

Msomi umekosea! Umefuata cheti cha hospitali kilichoandika Jumanne. Baba yako alikata roho adhana ya magharibi imekwisha; mimi ndiye niliyekuwa namlowesha midomo. Jua likizama, siku imegeuka. Ilikuwa Jumatano. Kwa hiyo jiwe ni Jumatatu.

Sijasoma kama wewe. Ila kila siku nafagia chini ya kiti kile, na sijatumbukia.

Mamako

Wonosobo, 25 Agosti

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Natumaini umefika salama, na mwalimu wako hakukufokea kwa zamu uliyoikosa.

Wewe na barua yangu mlipishana njiani. Sikukuu ya uhuru iliifungia posta. Ndiyo maana ulipotokea Jumapili Bu Darsini akapiga kelele, "Jamani, mwezi umeandama kabla ya siku yake!" nawe ukaganda mlangoni na kibegi chako.

Sikukushika ubaki. Saa tisa na nusu ulikaa kwenye kile kiti ufunge kamba za viatu. Ukakaa. Basi likapiga honi njia panda, likaenda zake. Ulilia mpaka magharibi, nami nikaendelea kumenya viazi, maana wageni wa Jumatatu hawangojei mtu anyamaze.

Jiwe limekaa sawa. Nimelipitia jana.

Jumatatu ile alfajiri nilitengeneza glasi mbili, mkono una mazoea yake. Ya pili ulikunywa wewe, ukalalamika sukari imezidi. Ni kipimo cha baba yako.

Yasmini siku hiyo haikupata kitu.

Mamako