Ndugu wa Lulu

Jumapili, Likoni

Simsamehe Swaleh. Nilimwazima simu nikaenda kuswali alasiri, naye akamchukua Lulu, farasi wangu bora kwenye ule mchezo wa mtandaoni, akampandisha na Shaba. Baba yao ni mmoja! Mtoto amezaliwa na miguu dhaifu, na ukoo niliouchunga vizazi sita nisipandishe wa damu moja umeharibika.

"Daftari lako la farasi lasema ni ndugu," akanijibu. "Hata mimi nawe, watoto wa mjomba na shangazi, ni ndugu. Kwani babu na bibi hawakuoana binamu kwa binamu?" Akacheka, mpumbavu yule.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba neno lile, "ndugu", nililiandika mwenyewe.

Nimelifuta kwenye kila ukurasa, nikaandika "baba mmoja". Swaleh naye, kuanzia leo, ni mtoto wa shangazi tu.