Salma wa Tisa

Arlington, Jumanne

Nafasi ya Salma imepotea leo saa nne asubuhi. Shule ile ya msingi ya serikali, inayong'ara kwenye mitihani na kugombewa na kila mzazi, imechukua wanane kutoka orodha ya kusubiri, kwa kufuata nani alitangulia kutuma fomu. Binti yangu ni wa tisa.

Na fomu za hao wanane nilizijaza mimi! Niliisifia shule mpaka mama zao wakajaa sebuleni kwangu. Nikawapa chai na mahamri, nikafungua kompyuta, nikaanza na wageni. Ningejipakuliaje kwanza mbele yao? Mimi, mjuzi wa hesabu.

Wa nane ni binti wa Rukia, huyohuyo anayetangaza kwenye kila harusi kwamba mwezi ujao wanahamia Houston.

Nikampigia. "Hongera, shoga yangu. Mkienda Houston, mtoto mnamwacha na nani?"

Akacheka. "Houston ni mipango ya baba yake. Shule ni mipango yangu."

"Kwa hiyo hamwendi?"

"Sijasema hivyo, mama."

Naogopa, sifichi. Shule ya mtaani kwetu, darasa la Salma limebadilisha walimu watatu mwaka huu, na mtoto bado anasoma kwa kukisia.

Sasa hivi nimemwandikia: Rukia, kama unahama, mwachie Salma nafasi. Kama huhami, nirudishie maboksi yangu ya kufungashia vyombo uliyoazima kwa safari hiyo. Nataka jibu moja tu, unahama au huhami, kesho kabla ya saa sita mchana.