Mashavu ya Umurerwa si Barabara ya Kibati

Mpendwa Mama Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho hata kama mwandiko wangu unapanda na kushuka, kwa sababu kosa langu si la pombe wala la wanawake, ni la neno tu, na sasa neno hilo linataka kuninyima mke. Ninaitwa Védaste, ni tolier hapa Katoyi, yaani ninanyoosha mabati ya magari yaliyogongwa, na mchumba wangu ni Umurerwa wa mtaa wa Mapendo, fundi wa kushona, ambaye akicheka mashavu yake yanaingia ndani kidogo pande zote mbili, na hapo ndipo mimi nilipokwisha.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kujitambulisha kwao, na kwa desturi yetu mwenye kuoa hasemi, anasemewa, kwa hiyo mjomba wangu Cyprien alisema vizuri mpaka watu wakapiga makofi, lakini shangazi yake Umurerwa, tantine Apolline, akamruka mjomba, akanigeukia mimi na kuuliza, "Na weye, ni nini uliona kwa mutoto wetu?" nami kwa haraka nikajibu, "Niliona ile mashimo mbili ya ku mashavu." Tantine akasema, "Mashimo? Mutoto wetu ni barabara ya Kibati?"

Watu wakacheka, jasho likanitoka, nikachukua neno la gereji nikasema, "Pardon, nilitaka kusema bosse," maana sisi kazini kila mahali gari limebonyea tunaita hivyo, nikasahau kwamba kwa Kifaransa sawasawa bosse ni uvimbe, na baba yake, Muzee Sibomana, alifundisha Kifaransa miaka mingi. Akavua miwani. "Bosse? Nani alimupiga mutoto wangu?" Nikaona nakufa, nikakumbuka kuna neno la Kifaransa linaloanza na fo, nikalikamata nusu, nikasema, "Hapana, papa, ni fosse!" Muzee akanijibu polepole, "Fosse, kijana yangu, ni ile shimo ya choo."

Hakutufukuza, alisema tu turudi Jumamosi hii na neno la kweli. Lakini Mama, kinachoniumiza si muzee, ni Umurerwa, kwa sababu wenzake wa kushona sasa wanamwita Fosse, na tangu siku hiyo akitaka kucheka anaficha uso kwa kitenge, na jana aliniambia, "Védaste, uniache kwanza nifikiri." Mimi siku nzima ninapiga nyundo mahali palipobonyea mpaka panakuwa sawa, na katika dunia nzima ni mahali pawili tu ambapo sitaki panyooshwe kamwe, ni pale kwenye mashavu yake, lakini maneno kama hayo ningeyasemaje mbele ya watu? Nipe neno, Mama, nakuomba, kabla sijampoteza.

Védaste Havugimana, Katoyi

*

Védaste mwanangu,

Nimecheka mpaka chai imenipalia, nisamehe. Sasa kaa chini nikugombeze kidogo. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe umejikwaa mara tatu kwenye zulia moja.

Shimo huchimbwa na watu huanguka ndani. Ungesema vishimo, hata Apolline angetabasamu, maana lugha yetu ina namna ya kukifanya kitu kiwe kidogo ili kipendwe, nawe uliiacha mlangoni pamoja na viatu. Bosse na kubonyea viache gereji, kwenye milango ya magari na sufuria zilizoanguka. Mahali palipobonyea pana aliyegonga, na baba yeyote akisikia hivyo lazima amtafute. Hicho Kifaransa chako kilikosa mkia tu: ni fossette. Mkia huo mdogo ndio unaotenga shavu na choo, kwa hiyo usiukate tena. Wengine husema kifinyo, kama vile mtu alimfinya mtoto kidogo kwa mapenzi, alama ikabaki. Mimi napenda hilo.

Muzee mpe fossette. Mwalimu mstaafu akisikia jibu sahihi moyo unalainika, na ataamini ni yeye aliyekufundisha.

Lakini usianze na baba wakati binti ndiye anayejificha kwenye kitenge! Kesho ukitoka kazini nenda kwa Umurerwa. Usimtume Cyprien, usitume ujumbe wa simu. Mwombe radhi mbele ya hao wanaomwita Fosse, kwa sababu aliaibishwa mbele za watu na heshima yake irudi mbele za watu. Ataona haya, wewe utaona haya zaidi, na hakuna atakayekufa.

Usimpelekee neno langu lolote. Ulikuwa nalo lako, ukamwandikia mama mzee asiyekujua, halafu unaniuliza ungelisemaje. Lisome tu. Pale ulipoandika juu ya nyundo na mahali pawili, nimekata kwa mkasi kipande hicho cha barua yako, kiko kwenye bahasha yenye jina lako kwa mlinzi wa lango la gazeti letu, kipitie kabla hujaenda kwake. Kuna alama ya kidole chako cha grisi pembeni. Usiifute. Mpe kipande kama kilivyo, kisha utazame kitenge kinavyoshuka.