Sikio la Binti Yangu na Onyesho la Jumamosi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na naomba unijibu upesi, maana maji yamenifika shingoni na sina wa kumwambia, mke wangu ndiye rafiki yangu na safari hii ndiye ninayemficha. Mimi ni fundi wa majokofu, nina watoto wawili, binti wa miaka kumi na minne anayepuliza tarumbeta, na mdogo wake wa kiume tunayemwita Mdundo kwa sababu tangu anatambaa hakuna sufuria iliyopona mikononi mwake, na wote wawili wamechaguliwa kupiga vyombo katika igizo la nyimbo la shule yao litakaloonyeshwa Jumamosi ya wiki ijayo.

Mama yao hakutaka tangu mwanzo. Alisema tarumbeta litamharibia mmoja kifua na ngoma zitamharibia mwingine masomo. Mimi ndiye niliyebembeleza, nikamwambia, "Mama Mdundo, huyu binti tangu tuhamie mtaa huu hazungumzi na mtu, darasani wanamwita Kimya, mwache apate pa kutolea sauti." Akakubali shingo upande, na akaniachia maneno ambayo sasa yananinyima usingizi: "Sawa, lakini likitokea la kutokea, utajibu wewe." Na kweli binti alibadilika, akapata mashoga, akaanza kututania mezani, hata mwalimu wa muziki akampa mwito wa kufungulia igizo, yaani anasimama peke yake mbele ya pazia, anapuliza, ndipo pazia linafunguka.

Sasa sikia yaliyonikuta. Mwalimu aliniomba nikawatazamie feni za ukumbini, kwa hiyo wakati wa mazoezi mimi nilikuwa juu ya ngazi naona kila kitu, na nikaona kila zamu ya binti inapokaribia, Mdundo kule nyuma kwenye ngoma anainua kijiti kimoja juu, dada yake anamtazama kwa jicho la pembeni, kijiti kikishuka ndipo anapuliza. Nikadhani ni mbwembwe zao. Mara mwalimu akasimamisha wimbo akamfokea Mdundo, "Wewe, hicho kijiti ni cha kupigia ngoma au cha kufukuzia nzi? Ukikiinua tena nakutoa, naweka mwingine." Mdundo akasema, "Samahani, mwalimu," basi, hakujitetea. Wakaanza upya, kijiti hakikuinuka, wenzake wote wakaingia na binti yangu akabaki na tarumbeta mdomoni anaangaza macho huku na huku kama mgeni aliyepotelewa na wenyeji wake. "Unaota?" mwalimu akamwuliza. Watoto wakacheka. Nikamwona Mdundo anafuta machozi kwa mkono wa shati, na bisibisi ikanidondoka.

Njiani kurudi, ndani ya kigari changu cha kazi, nikauliza kulikoni, wote wakageukia dirishani. Nikamkazia Mdundo sauti, akapasuka kulia. "Baba, dada hasikii sikio la kushoto. Tangu yale mafua. Na alinikataza kusema." Binti akamgeukia kama anataka kummeza. Nikasimamisha gari kando, nikamwambia afungue kitambaa cha kichwa, nikakuta pamba imesokomezwa sikioni, nikaitoa, ina usaha na inanuka. Mshauri, mimi jokofu linaloumwa nalisikia nikiwa bado mlangoni kwa mtu, na mwanangu anaoza sikio tunakula meza moja, sikujua!

Akanishika mkono. "Baba, nakuomba, ngoja onyesho lipite. Ukimwambia mama atanitoa mimi, atamtoa na Mdundo. Halafu nitarudi kuwa Kimya. Niapie."

Nikamwapia. Nilipofika nyumbani nikampashia mafuta nikamtilia matone sikioni kama bibi yangu alivyokuwa akitufanyia, wala hayakusaidia kitu, na jana alipokuwa anatoka chumbani akapepesuka, akaushika ukuta, mama yake akauliza, "Una nini wewe?" na watoto wote wawili wakanitazama mimi. Nikasema, "Njaa tu hiyo. Mpakulie." Mke wangu akaniamini, akampakulia.

Nikisema, nitakuwa nimevunja kiapo na kumfunga mtoto mdomo aliokuwa ameanza kuufungua. Nikinyamaza, sijui sikio litafika wapi, na huyu mdogo wake hali wala hachezi, maana akiinua kijiti atafukuzwa, asipoinua dada yake atachekwa na ukumbi mzima. Nimekuwekea namba yangu ya simu hapo chini. Nisaidie, mama, nifanye nini?

Baba Aliyebanwa

*

Baba Mdundo,

Barua yako sikuiweka foleni na nyingine. Nilipofika pale binti anaposhika ukuta niliichukua simu, na kwa kuwa umeniruhusu, nawaeleza wasomaji tuliyozungumza, maana nao wana watoto wenye masikio.

Pole sana, na nasema pole ya kweli. Baba anayepanda ngazi kutengeneza feni ili asikilize watoto wake wakipiga muziki si baba mbaya. Lakini pole yangu inaishia hapo. Usaha, harufu, kizunguzungu, nawe unahesabu siku za onyesho? Mtoto ana haki ya kuomba asichokijua. Wewe mtu mzima huna haki ya kumpa. Na hayo mafuta, nani alikutuma? Sikio linalotoa usaha halitiliwi mafuta, maji, wala dawa ya jirani. Linapelekwa hospitali.

Nilikuambia ukikata simu umweleze mama yao kabla hujavaa viatu, kisha mwende wote. Ukaniuliza, "Na akikasirika?" Nikakujibu, "Akasirike. Mkasirikiane garini, lakini gari liwe linakwenda."

Jioni ya kesho yake ukanipigia. Mama yao hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha jikoni akauliza, "Wote watatu mlijua?" Ukaniambia bora angekutukana. Daktari alikuta ngoma ya sikio imetoboka na uchafu unaelekea ndani, akasema mngechelewa kidogo tu angeongea lugha nyingine. Amelisafisha, ametoa dawa ya kutilia sikioni, anatumaini usikivu utarudi kwa sehemu kubwa ingawa hakuahidi, na tarumbeta amelipiga marufuku mpaka atakapompima tena. Kwa hiyo Jumamosi mwito atapuliza mtoto mwingine. Binti alilia njia nzima, akakuambia, "Uliniapia," na tangu hapo hajakusemesha.

Unaniuliza kama ulikosea kumpeleka. Hukukosea kumpeleka, ulikosea kuapa. Basi msamaha umwombe kwa hilo moja, kwa maneno machache, na usimwombe kwa kumtibu hata akikununia mwezi mzima. Usimletee zawadi ya kumlainisha pia. Hasira ni yake, mwachie.

Mkeo naye mweleze ukweli mbele ya watoto: daktari kasema ni mafua yaliyoshukia sikioni, tarumbeta halikuleta ugonjwa. Asimtoe Mdundo kwenye ngoma. Akitaka kumwadhibu mtu kwa kunyamaza, upo wewe, jitokeze. Ulisema "njaa tu" ukiwa umekodolewa macho na watoto wawili, na siku ile uliwafundisha kwamba mama ni mtu wa kufichwa. Hilo litakuchukua muda kulifuta, usitegemee maneno ya siku moja.

Na shuleni uende mwenyewe, si kwa simu. Huyo mdogo wake alikuwa amebeba sikio la dada yake kwenye ncha ya kijiti, akafokewa, akasema samahani. Mwambie mwalimu yote, na umwombe, kwa adabu lakini usiondoke bila jibu, amsafishie Mdundo jina mbele ya watoto walewale waliocheka. Mwulize pia kama binti anaweza kumfundisha mwenzake ule mwito. Mwalimu akikubali, binti aulizwe na mwalimu, si na wewe, na akikataa msimshurutishe.

Jumamosi akitaka kwenda ukumbini, nendeni wote, mketi naye mbali na vyombo vya kelele, na kama atalia pazia likifunguka, mwache alie. Asipotaka, mama yao aende akamwone Mdundo, wewe ubaki nyumbani na binti yako, hata kama atakupa mgongo kutwa nzima. Dawa ya jioni umtilie wewe kwa mkono wako, saa yake ikifika, na uhakikishe amelala kwa ubavu kama daktari alivyoagiza.