Ukanda wa Mpira Uliowasha Taa

Changzhou, Jiangsu
14 Septemba

Mpendwa Mama Mdogo Peilan,

Hujambo huko Lanzhou? Goti limepoa, au linakusumbua tena baridi ikianza? Mimi mzima, ila vidole vimeingia weusi usiotoka kwa sabuni. Keki za sikukuu ya mwezi ulizonitumia zilifika salama. Za ufuta nimezila peke yangu, sikumgawia mtu.

Najua unasubiri jibu kuhusu ile nafasi ya ofisi ya kodi uliyonitafutia. Jibu ni hapana. Nisikilize kwanza kabla hujampigia Mama simu.

Kazi yangu ni kuufanya mpira wa kuvaliwa mwilini upitishe umeme. Tunaanza na oksidi ya grafini, yaani vipande vya kaboni vyembamba ajabu, vilivyolemewa na oksijeni. Ndani ya maji vina rangi ya chai iliyokolea, na umeme havipitishi. Ukiiondoa oksijeni vinakuwa vyeusi, umeme unapita. Hapa maabara wote huiondoa kwanza, wakavikausha vipande viwe unga, ndipo wauchanganye na mpira. Lakini unga ukikauka vipande hugandamana, na mpira haupitishi kitu. Mimi niliichanganya ile chai na utomvu wa mpira kwanza, kisha nikatia vitamini C ili iondoe oksijeni humo humo, na kupasha moto taratibu.

Injinia Qiu, mkuu wetu, alikuja kusimama nyuma yangu. "We binti, huu ni utafiti au chai ya bibi yako? Hebu kunywa tuone kama utawaka!"

"Subiri ipoe, Injinia, isije ikakuunguza mdomo."

Wenzangu waliinama kuficha kicheko. Mchanganyiko ukageuka mweusi. Ulipokauka nilikata ukanda, nikauunganisha na betri na kitaa kidogo, kikawaka. Qiu akaushika ukanda kwa mikono miwili, akauvuta. Kitaa kikazimika.

"Haya, mama chai, nani atavaa mpira unaozima ukivutwa?"

Amenipa hadi mwisho wa mwaka. Kitaa kikizimika tena, meza yangu anapewa mwingine.

Mama anasema basi nirudi nyumbani mapema, nisingoje aibu. Sirudi. Nimechoka kutafutiwa mahali ambapo siwezi kushindwa. Wakinifukuza, watanikuta nimeushika huo ukanda. Nafasi ya kodi mpe binamu Yanhong, anaitaka kwa moyo wote.

Nisalimie Baba Mdogo Guohuai, na Bibi umshike mikono kwa niaba yangu. Mbingu ziwalinde nyote, na goti lako lipone kabla ya theluji.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kipande cha ukanda na kitaa. Viunganishe na betri ya tochi, uone mwanga. Kisha kivute kipande, uone giza. Siondoki hapa hadi nikutumie kingine, ukivute na mwanga ubaki.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Miaozhen