Mkwe Golini

Lurambi,
Kakamega

Dada yangu Mkawasi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto. Natumaini mvua za huko zimewatosha na kwamba mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na kazini sikosi.

Barua yako ilifika, na ile ya kabla yake pia. Zote mbili sikuzijibu. Unasema mama yake marehemu mke wangu Wakesho anauliza kama mimi bado ni mkwe wake, au amlee mtoto akijua kwamba baba yake naye amekwenda zake. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kuchota maji. Nikwambie ukweli, dada: tangu tumzike mke wangu sisikii kitu. Si huzuni, maana huzuni naijua. Ni ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya, ukiugusa unadhani ni wa mtu mwingine. Nikajiuliza mtu wa namna hiyo atamfaa nini mtoto, na mama aliyefiwa na binti atamtazama kwa macho gani. Basi nikanyamaza.

Habari za huku ni sukari tu. Watu wameshikwa wazimu. Mtu analima miwa mpaka chini ya dirisha la jikoni, kuku hawana pa kuchakura, na siku ya malipo wanaume hawaonekani nyumbani, wako baani. Ndipo bwana mkubwa wa ustawi wa wafanyakazi hapa kiwandani akataka tuanzishe mchezo wa watu wazima, wa kujifurahisha tu, usio na kombe. Alinichagua mimi kwa kuwa Jumamosi zote nashinda ndani. Soka aliikataa, maana ilishaleta ngumi. Mimi shuleni nilicheza mpira wa magongo, unakumbuka, nikautaja bila hata kufikiri, naye akakubali.

Niliifanya kazi hiyo vile ninavyokaza bolti za mitambo. Magongo tulichonga kwa matawi ya mpera yaliyojipinda yenyewe, na mipira akatushonea fundi viatu. Timu ni nne: sisi wa kiwandani, walimu, wafanyakazi wa chuo cha kilimo kule Bukura, na watu wa sokoni, wanawake kwa wanaume wote pamoja. Sheria nilizilegeza. Gongo lisipite kiuno, anayechoka atoke apumzike kisha arudi, na timu iliyofungwa ndiyo inayopika chai. Wanakuja wengi siku hizi, hata wale wa baani. Ungewaona wanaume wenye vitambi wakikimbizana na kampira kadogo huku wake zao wakiwapita! Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nawatazama, napuliza filimbi.

Balaa lilikuja siku tulipokutana na timu ya sokoni. Dereva wetu wa trekta la miwa, anaitwa Shitandi, ndiye mwenye mbio kuliko wote. Siku hiyo kila akipata mpira anakwenda nao vizuri, lakini akikaribia goli anageuka na kuurudisha nyuma. Golikipa wa sokoni ni Mama Rispa, muuza omena, vile vidagaa vya ziwani, mama mwenye mwili mkubwa aliyejifunga leso kiunoni. Naye kila Shitandi akitokea anatazama pembeni, goli liko wazi kabisa. Nikasimamisha mchezo, nikamuuliza Shitandi kama amehongwa.

"Refa, huyo ni mama ya bibi yangu," akasema huku akitazama viatu vyake. "Sisi huku mtu hakaribianangi na mkwe. Sasa unataka nimpige na mpira?"

Kumbe uwanja mzima ulikuwa unajua isipokuwa mimi mgeni niliyepanga mechi, na wote walikuwa wakingoja kuona nitafanyaje. Mwalimu mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Nilimtoa Shitandi, tukafungwa. Siku hizi kabla ya kupanga mechi nazunguka kwanza kuuliza nani kaoa kwa nani.

Wakati wa chai nilimpelekea Mama Rispa kikombe, nikamwomba radhi.

"Hiyo si kitu," akasema. "Na wewe, mkwe wako ako wapi?"

Nikamwambia yuko Taita, na kwamba bintiye, mke wangu, alifariki. Nilisema vile ninavyotangaza magoli. Akaweka kikombe chini.

"Unaendanga kumuona?"

"Siendi."

"Sababu gani?"

"Siku ya mazishi sikulia, mama. Hata chozi moja. Nitamtazamaje?"

Akanionyesha Shitandi kwa kidevu, kule mbali alikokuwa amekaa na wenzake. "Huyu tangu aoe hajawahi niangalia uso. Lakini anakujanga. Anakaa huko nje, anaacha sukari kwa mlango. Mimi napika chai, watoto wanampelekea. Hatuongei, lakini najua mtoto wangu ako na bwana. Hiyo ndiyo heshima. Wewe yako si heshima. Wewe umetoroka."

Dada, niliona aibu. Nakuandikia kwa sababu hiyo, kwamba niliona aibu, na ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia tangu mazishi. Hakikudumu. Asubuhi niliamka nikiwa vilevile. Lakini niliomba ruhusa kazini na wamenipa, na filimbi nimemwachia mmoja wa walimu. Naja mwisho wa mwezi.

Nisalimie shemeji, mwambie baiskeli yangu aendelee kuitumia. Nisalimie shangazi wa Mwatate, na mjomba mwinjilisti aniombee kwa maneno machache. Mama mwambie blanketi lake ndilo ninalojifunika. Mwanangu Mghoi mwambie baba anakuja, na akinikimbia msimlazimishe. Na mama yake Wakesho mwambie mimi bado ni mkwe wake. Nikifika na macho makavu, anipokee hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Mwakio