Ndege ya Kukodi na Nyumba ya Baba

3 Februari

Mdogo wangu, Bwana Mawingu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuamsha salama. Hujambo? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba mashuka ya hospitali hayajifui.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimekaa chini. Unataka tuuze nyumba aliyotuachia baba, mimi nikapange chumba, wewe ununue ndege. Mwingine angeomba pikipiki. Najua unavyoipenda anga. Fundi umeme wa magari aliyejinyima mpaka akapata leseni ya urubani si mtu wa mzaha. Lakini hiyo unayokodi kila Jumamosi ina ubaya gani? Unairusha, unairudisha, unakwenda kulala. Ikiharibika, kichwa kinamuuma mwenyewe. Ya kwako itataka banda, bima, fundi, mafuta, na usipoirusha inaota kutu ndani ya injini. Hiyo si ndege, ni mke wa pili, na wa kwanza bado hujampata.

Nieleze vizuri, maana sahihi yangu inahitajika na mkono wangu bado mzito.

Dada yako


16 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, nashukuru dua zako. Pole na mgongo.

Hilo la mke wa pili nimewasomea wenzangu gereji, wamecheka mpaka kazi ikasimama. Lakini waliosema nguo ya kuazima haisitiri makalio walinifikiria mimi. Ukikodi, Jumamosi unafika unakuta mwingine kaiwahi. Ukiipata, kiti kimesogezwa na ndani kunanuka sigara ya mtu. Na ukikaa wiki kadhaa bila kuruka, hawakupi ufunguo mpaka upande na mwalimu akuangalie, kama mtoto anayefundishwa kutembea. Mimi huyu, mwenye mvi.

Kuna mzee anauza ya kwake. Ina viti viwili, nyeupe, na mstari wa buluu uliopauka. Nilikaa ndani nikashika usukani, na hakuna aliyeniambia nishuke. Ukiwa na yako, unafungua banda unaondoka, huulizwi na mtu. Tia sahihi, dada. Utakaa kwangu. Mzee hatangoja sana.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa kifua chako.

Nakwambia kweli, kalamu ilikuwa mkononi. Mnunuzi alikuja, akagonga kuta kama anayechagua tikiti maji. Nikasema moyoni, basi, ni furaha ya mdogo wangu, na nyumba ni matofali tu. Nilipokuwa naanika mashuka, neno lako moja likanirudia. Ukikaa wiki kadhaa bila kuruka, umesema. Wewe? Wewe uliyeruka hata na kidole kilichofungwa bandeji? Kwa nini umekaa? Na huyo mwalimu ndiye aliyekufundisha. Mlitaniana kama mashemeji. Leo unamkimbia?

Usinijibu habari za viti na sigara. Nijibu hilo.

Dada yako


21 Machi

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Kila nilichoandika nilikichana.

Ni macho. Yameanza kama ya baba, pembeni kwanza. Mbele naona, nyaya naunganisha vizuri, ila mtu akija ubavuni simwoni mpaka aniguse. Mara ya mwisho nilipotua, nilibakiza kidogo tu niigonge ndege iliyosimama upande wa kushoto. Mwalimu alikuwa anatazama. Hakunigombeza. Alisema tu, "Safari ijayo tupande wote." Tangu hapo sijakanyaga pale. Daktari anasema dawa itachelewesha, haitarudisha.

Basi umejua. Nilitaka yangu ili asiwepo wa kupanda nami. Nipe mwaka mmoja tu wa kuitazama ardhi kutoka juu, kabla sijafungiwa. Nakuomba kama ambavyo sijawahi kukuomba kitu.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu, mwanangu,

Nimelia, nikasali, nikalia tena. Mungu hajali kipi kimetangulia.

Baba nilimshika mkono mimi. Wewe ulikuwa shuleni mbali. Hukuona alivyokuwa akigonga fremu ya mlango kwa bega, kila asubuhi, bega lile lile, kisha anaiomba radhi fremu akidhani ni mimi. Yeye aligonga mlango. Wewe huko juu utamgonga nani? Na huku chini utamwangukia nani? Kuna watoto wa watu wanaotoka shule. Kuna mimi na kamba yangu ya nguo.

Sahihi sitatia. Nichukie ukitaka, sitaacha kukuombea. Ila ile ya kukodi ikodi pamoja na mwalimu wake, ukae kiti cha abiria, uone unachoweza kuona. Kisha uje nyumbani. Mlango mimi ninao.

Dada yako


30 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. U hali gani, na mgongo je? Barua zako tatu za baada ya ile ya Aprili nilizipata. Sikuzijibu kwa sababu nilikuwa nakuchukia, na kuchukia nako ni kazi, kulinishika mpaka mwezi wa sita.

Ile nyeupe imechukuliwa na daktari wa meno. Wanasema anaitoa bandani kuiosha tu.

Jumamosi nilienda. Mwalimu hakuuliza nilikuwa wapi. Alinifungulia mlango wa abiria, kisha akajifanya anatafuta kitu mfukoni, nisimwone uso. Tulipopaa nikaikalia mikono yangu, maana ilikuwa inautaka usukani. Akanionyesha paa la gereji yetu, akanionyesha mto. Nikawa naitikia, naam, naam. Paa nililiona. Mto sikuuona. Alijua, maana alizunguka mara ya pili, taratibu, akiinamisha bawa upande wangu, nami nikamwambia nimeuona.

Naja mwisho wa mwezi ujao, nikishamkabidhi mwenzangu vifaa vyangu. Sasa hata katikati kumeanza kuingia ukungu. Nijibu upesi, dada, na uandike kwa herufi kubwa, nikusome mwenyewe.

Mdogo wako